Vifaru vya Udongo Kule Kuluba

Wiki iliyopita nilikwenda Ediofe kwa rafiki yangu wa utotoni, nikamkuta mwanawe anacheza vita vya vifaru kwenye simu. Kila kifaru kilikuwa kimeandikwa unene wa chuma chake, namba kubwa mbele, ndogo nyuma. Rafiki yangu, mama yake, akainama akamwambia, "Usiwape mgongo. Nyuma iko nyepesi." Moyo ukanichoma. Maneno hayo yalikuwa ya marehemu baba yake rafiki yangu, hata sauti ilikuwa ya baba yake.

Tulikuwa majirani kule Kuluba, upande wa Koboko. Wazee wetu wote wawili walikuwa wametoka jeshini. Wa kwake aliendesha kifaru. Wangu alikuwa mpishi wa kambi. Jioni, harufu ya simsim, yaani ufuta, inayokaangwa ikisambaa uani, mzee wa rafiki yangu alitufinyangia vifaru vya udongo na kuvipachika vizibo vya soda: mbele vitatu, ubavuni viwili, nyuma kimoja. Unarusha dadu. Namba ikizidi vizibo vya upande unaoupiga, chuma kimetoboka.

"Kwa nini nyuma kimoja tu?" nilimuuliza.

"Chuma iko nzito, binti yangu. Ukiweka nene kila mahali, gari hapana tembea."

Aliniita binti yake, lakini aliyempakata alikuwa mwenzangu. Nilirudi nyumbani kula ugali wa muhogo, wivu umenijaa. Baba yangu angenisimulia nini, masufuria?

Siku moja nilikizungusha kifaru changu nyuma ya kichuguu, nikamtoboa mwenzangu mgongoni. Mzee akapiga makofi. "Huyu iko na kichwa ya jeshi!" Rafiki yangu akaangua kilio, nami nikaonja utamu wa kuonewa wivu. Nikakimbia kumweleza baba. Alinisikiliza huku akikoroga sufuria, kisha akauliza, "Na hao watu ya ndani ya tanki, nani alipikia?"

Nikarudi mbio kwenye mchezo.

Wazee wote wawili wamezikwa sasa, na pale tulipochezea pamejengwa maduka. Watoto wetu hawagusi udongo; simu inawahesabia kila kitu. Lakini kwa rafiki yangu, baba hurudi kila mtoto anapocheza. Mimi wa kwangu sauti yake imeanza kunipotea. Siku ile kule Ediofe nilimtazama rafiki yangu na mwanawe wakicheka pamoja, nikaaga kabla ya chai kuletwa.