Mtu wa Mnadani

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumtambua mama mkwe wake kwa miguu. Mimi nilimtambua hivyo, katikati ya mnada wa mbuzi pale Mutomo, baada ya kumdhihaki mbele ya watu kwa muda wa robo saa nzima. Hadi leo nikikumbuka, mwili unanisisimka.

Wacha nieleze kazi yangu kwanza, la sivyo utafikiri nina wazimu. Mimi ni dalali wa mbuzi. Mwenye mbuzi anakuja na mbuzi wake, mnunuzi wa Nairobi anakuja na lori, nami niko katikati nikipiga domo hadi mmoja wao achoke. Ukitaka bei ishuke, lazima umdharau mbuzi. Unamshika mgongo, unamfungua mdomo uangalie meno, halafu unashangaa kwa sauti. Unauliza kama huyu ni mbuzi ama ni kivuli cha mbuzi. Watu wanacheka, mwenye mbuzi anaona aibu, bei inashuka. Hiyo kazi naiweza kuliko yeyote pale, na sitajifanya mnyenyekevu. Kuna watu wanakuja mnadani bila mbuzi na bila pesa, wanakuja kunisikiliza tu.

Sasa huyo mtu wa mnadani, nikishatoka kwenye geti, ananiacha. Nyumbani mimi ni mtu wa kukaa kimya. Kanisani ni shemasi, nasimama mlangoni nimefunga vifungo vyote vya shati, na hakuna aliyewahi kuniona nikicheka. Sikukaa chini nikapanga iwe hivyo. Baba yangu alikuwa hivyo nyumbani kwake, nikadhani ndivyo mwanamume mwenye heshima anavyoishi. Mke wangu alijua mimi ni dalali, lakini hakujua ni dalali wa namna gani. Mnadani sikumruhusu kufika hata siku moja. Niliogopa kwamba akimwona yule mtu wa kule, ataniona mimi ni takataka.

Halafu kuna mama mkwe. Sisi Wakamba tuna kitu tunakiita nthoni, yaani ile heshima na haya kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Vijana wengi siku hizi wameiacha. Mimi niliishika kwa mikono miwili. Nikikutana naye njiani, naingia vichakani apite. Nikienda kwake, nakaa nje chini ya paa la ghala, naye ananisalimia kwa sauti ya chini akiwa ndani ya nyumba. Akilazimika kutoka, mimi naangalia chini. Kwa hiyo miaka tisa ya ndoa, uso wa yule mama sikuwahi kuutazama vizuri. Miguu ndiyo niliyoijua. Kandambili za bluu, kidole kikubwa cha kulia kisicho na kucha, na kovu la jembe karibu na kifundo.

Siku hiyo vumbi lilikuwa limejaa na jua lilikuwa kali. Nikaona mama mzee amejifunika leso kichwani hadi machoni, ameshika kamba ya beberu wa rangi ya kahawia. Beberu mzuri sana, na ndiyo maana nilianza kumtukana mapema.

"Susu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, "huyu umemleta kuuza ama umemleta hospitali?"

"Hospitali nilitaka kukupeleka wewe," akajibu, tena kwa sauti ya kupasua. "Mbuzi mzima unamwona mgonjwa. Macho hayo yaangaliwe."

Watu wakacheka, na safari hii walinicheka mimi. Hilo halikuwa limewahi kutokea. Nikahisi damu imepanda kichwani.

"Mbavu za huyu mbuzi naweza kuzihesabu nikiwa kule mjini Sultan Hamud."

"Kama unajua kuhesabu, hesabu pesa unipe, niende nyumbani."

Sasa walikuwa wakishikana mabega kwa kicheko. Madalali wenzangu waliacha biashara zao wakaja. Ningekuwa na akili ningesimama hapo. Lakini mimi nikishashikwa na hasira ya mnada, sina breki. Nikamshika yule beberu kidevu, nikamgeuza uso wake kwa watu, halafu nikamwonyesha yule mama kwa kidole.

"Jamani, angalieni hizi ndevu," nikasema, "halafu mwangalie na zile. Susu, sema ukweli, huyu si ndugu yako mlizaliwa pamoja?"

Wengine wakaangua kicheko, wengine wakaguna. Yule mama hakutikisika.

"Ni ndugu yangu," akasema. "Ndiyo maana siwezi kumpatia mtu asiye na adabu kwa bei ya kuku."

Nikainama niangalie kwato. Hiyo ni mbinu yangu ya mwisho, kwato huwa hazikosi kasoro. Nikashika mguu wa mbele wa beberu, nikautazama, na karibu na mkono wangu nikaona kandambili za bluu. Nikaona kile kidole. Nikaona kovu.

Sitaki kuongeza chumvi, lakini masikio yaliziba kabisa, na kwa muda niliona midomo ya watu ikicheza bila sauti. Nikajaribu kujidanganya kwamba wazee wengi wamewahi kujikata na jembe. Kisha sauti ikatoka juu yangu, ile ya chini niliyoizoea miaka tisa.

"Mbona umenyamaza, mkwe wangu? Bei bado hatujaelewana."

Alikuwa akijua. Tangu neno la kwanza alikuwa akijua ni mimi, na akaniacha nijimalize.

Neno mkwe lilipotoka, mnada wote ulinyamaza. Pale hakuna asiyejua maana yake. Mzee mmoja alivua kofia, sijui kwa nini, labda aliona kuna msiba. Mimi niliuachilia mguu wa mbuzi polepole, nikageuka bila kuinua macho, nikapita katikati ya watu nikaenda zangu. Fimbo yangu ya kazi niliiacha hapo chini. Sikuaga mtu.

Njiani nilifikiria yatakayofuata. Wazee wakikaa kwa jambo kama lile, binti anaweza kurudishwa kwao hadi aibu isafishwe. Lakini si wazee niliowaogopa. Nilimwogopa mke wangu. Leo angesikia kwamba mume wake, shemasi, amemwambia mama yake ana ndevu kama beberu, na angejua kwamba huyo mtu amekuwa akilala kitandani mwake miaka yote.

Nilimkuta uani akipeta ndengu. Simu ilikuwa kwenye mkeka kando yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama amepiga simu," akasema.

Nikaangalia zile ndengu.

"Beberu ameuzwa, dalali mwenzako alimpatia bei aliyotaka. Na anasema faini yako ni blanketi moja, na mbuzi mmoja mwenye ndevu nyingi." Hapo akashindwa kujizuia, akacheka hadi akashika ubavu, na ndipo nilipoelewa yale macho mekundu. Nilishtuka kuliko hata kule mnadani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kicheko.

Akajifuta machozi kwa leso. "Anasema alikuwa akikuangalia kupitia dirisha kila ukija, na hakuelewa wewe ni mtu gani. Heshima aliiona. Lakini alikuwa akilala vibaya, Baba watoto. Alifikiri mtu mkimya hivyo lazima ana hasira amezificha, na mimi ndiye naishi nazo. Leo amesema atalala, kwa sababu hatimaye amekusikia."

Kicheko kikaisha. Akaweka ungo magotini, akaniangalia.

"Mama yangu amekaa na huyo mtu wa mnadani robo saa. Soko zima la Mutomo linamjua. Mimi nimekupikia miaka tisa, nimekuzalia watoto wawili, na sijawahi kumwona. Nilikukosea nini?"

Hakuwa ananiuliza kwa hasira. Alitaka kujua. Nilifungua mdomo kumwambia hajanikosea kitu, kwamba ni mimi niliyedhani namwekea yeye yule mtu bora, wa nyumbani. Mdomo ule uliokuwa umejaa maneno asubuhi ulikauka kabisa. Alingoja, na mimi nikaona anangoja.

"Kuna maji ya kunywa?" nikasema.

Akainuka kwenda kuniletea.