Nimepokea isale, lakini ufunguo wa gari sitoi

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche na la marehemu mume wangu pia, ila mengine yaandike yote kama nilivyoyaleta. Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, mjane, mzaliwa wa mlimani. Naishi hapa Moshi mjini kwenye kiwanja alichoniachia mume wangu, na kazi yangu ni cherehani. Siandiki ili nionewe huruma. Nina hasira, na nataka mnisikilize.

Marehemu alikuwa fundi wa magari. Mzungu mmoja wa shamba la kahawa alikuwa na gari dogo la mbio, la viti viwili, lisilo na paa. Siku moja alilitumbukiza kwenye mfereji, akalichukia, akampa mume wangu kuwa ujira wa kazi aliyomfanyia. Lilipofika kwetu lilikuwa aibu tupu. Viti vimeoza, spoku za magurudumu zimeliwa na kutu, na kuku wangu mmoja akaanza kutagia chini ya usukani. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu anayekaa Kirua Vunjo, alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema kaka yake ameletewa kiota.

Mume wangu alifufua injini. Mambo ya ndani na magurudumu aliniachia mimi, akasema mkono wangu ni mtulivu kuliko wake. Hatukufika mbali akaugua kifua, akafa. Nililia, sifichi. Lakini baada ya matanga nilirudi kwenye lile gari, maana humo ndimo nilimokuwa bado nazungumza naye.

Nilisugua spoku moja moja kwa mchanga na majivu, kisha nikazipaka rangi ya maziwa. Viti nilivijaza katani, nikavivika ngozi ya ng'ombe ya rangi ya kahawia. Cherehani yangu haipenyi ngozi ile, kwa hiyo nilishona kwa mkono, kwa msharasi wa mafundi viatu, mpaka vidole vikaota sugu. Mbele ya usukani palikuwa pamebomoka, nikaweka ubao wa mringaringa na kuung'arisha kwa nta. Jirani yetu, mzee wa Kiislamu anayeendesha lori, alinifundisha udereva kwenye barabara ya Kahe, ambako ni tambarare na hakuna wa kunicheka ila mbuzi.

Gari lilipong'aa, shemeji akakumbuka kwamba kaka yake aliacha gari. Alikuja akasema mjane hashiki mali ya mwanamume, na kwamba ningekataa angenipeleka kwa Mangi, mtawala wetu. Nikamwambia anipeleke. Jumapili iliyofuata, nikiwa misani, alirudi na kisu cha kukatia ndizi akapasua kiti cha abiria toka juu hadi chini. Majirani walimwona. Nilipofika na kuona katani inamwagika nje, nilihisi kama ni mimi niliyepasuliwa.

Haukupita muda mrefu akaja tena, safari hii na baba mkubwa wa mume wangu, na mkononi ameshika isale. Kwa msiotoka huku, isale ni mmea tunaoupanda kuzunguka vihamba, mashamba yetu ya ukoo, kuonyesha mpaka. Na mtu aliyekukosea akikuletea isale kuomba radhi, huwezi kukataa. Hata kama moyo unawaka, unapokea. Kwa kawaida huletwa jani tu. Shemeji kwa haraka yake alikata chipukizi zima na shina lake.

Niliwaamkia, "Shikamoo, baba." Mzee akaitika marahaba. Shemeji akapiga magoti akasema amekosa. Nilimtazama kwa muda, maana sitaki kutoa msamaha wa uongo. Ulipokuja wa kweli moyoni mwangu, nikapokea isale kwa mikono miwili nikasema nimemsamehe. Naye, hata hajainuka, akanyoosha kiganja.

"Basi shemeji, nipe ufunguo."

Mzee naye akadakia kwamba ukishapokea isale yameisha, nimpe ndugu yangu kitu chake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wamekuja.

"Yameisha, baba," nilimjibu. "Alipasua kiti, nimemsamehe. Gari hakuliombea isale, na mimi sijalitoa."

Nikachukua jembe, wakiwa wamesimama pale pale, nikalipanda lile chipukizi kwenye lango la kiwanja changu, mahali gari linapoingilia. Mzee aliangalia shimo, akaniangalia mimi. Mchagga yeyote anajua maana ya isale iliyopandwa langoni. Waliondoka bila hata kuaga.

Sasa chipukizi limeshika na limetoa majani mapya. Ukoo unasema nimeidhihaki isale. Mama mkwe amenitumia ujumbe nisikanyage tena Kirua Vunjo. Kile kiti nimekishona, na nimekishona kwa uzi mwekundu makusudi, kila atakayekalia aone palipopasuliwa.

Jumamosi ijayo kuna harusi huko huko Kirua Vunjo. Binti mmoja ameomba nimpeleke kanisani kwa gari langu. Ni la watu wawili tu, dereva na abiria, kwa hiyo bwana harusi atatangulia kwa miguu, na amekubali. Barabara inapita mbele ya nyumba ya mama mkwe, na shemeji hukaa pale nje kila Jumamosi.

Ndugu zangu, msinishauri habari ya ufunguo, hiyo nimeshaamua. Wala msiniambie nisiende, maana nitakwenda. Nishaurini hili moja tu: nikifika mbele ya nyumba ile, na bibi harusi kando yangu, nipite kimya kimya au nipige honi?