Mama Yangu Kasema Hana Mtoto, na Mimi Nipo

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, kwa masikitiko makubwa nawatangazia kupotea kwa kofia yangu. Ilipotea ndani ya basi nikitoka Handeni kurudi Korogwe. Ilikuwa imetoboka kisogoni, na mke wangu ameupokea msiba huo kwa furaha. Ningeishia hapo mngecheka tukaachana. Lakini safari hiyohiyo nimempoteza na mama yangu, naye yu hai, mzima, anatembea.

Mhariri, jina langu lifiche. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, fundi cherehani hapa Kilole, Korogwe. Nashona kaptura za shule na kupanua magauni ya akina mama wanaodai kitambaa ndicho kilichosinyaa. Nina mke, watoto saba na tumbo linalonipa sifa ya utajiri, ingawa tumbo hilo ni urithi tu kutoka kwa marehemu baba. Mama alinizaa mimi peke yangu, akanilea kwa jembe. Kwetu kote walimwita kwa jina langu, Mama Fulani, hata nikadhani hana jina jingine.

Watu walipohamia vijiji vya ujamaa naye akahamia, kijiji kipya upande wa Handeni, akakaa na majirani wapya. Mimi sikuwahi kufika huko, maana yeye ndiye aliyependa kuja kwangu kuwaona wajukuu, na akirudi nampa nilicho nacho. Kisha mvua zikagoma, mahindi yakakauka yakiwa ya magotini, na mama akaacha kuja. Nikawa namtumia makopa ya muhogo na chumvi kwa watu wa basi, kila nilipopata. Nisiwadanganye, sikupata mara nyingi. Hata kwangu sufuria tulikuwa tunaichungulia kwa zamu.

Mwezi uliopita nikafunga safari na mfuko wa makopa begani. Kijijini nikaulizia kwa Mama Fulani, hakuna aliyemjua. Nikaeleza: mwembamba, mrefu, akicheka huziba mdomo. Wakasema, aa, huyo ni Bibi Mwajuma, yupo uani kwa balozi wa nyumba kumi, wanagawiwa chakula cha serikali. Nikacheka peke yangu. Jina lake la kuzaliwa limefufuka! Nikajiandaa kumtania kwamba bila shaka anatafuta mchumba.

Kwa balozi wazee walikuwa wameketi mstari, kila mmoja na kimfuko chake. Balozi, mtu mchangamfu, alikuwa akiwaeleza walionung'unika kwamba ule unga wa njano ni wa wazee wasio na kitu wala mtu. "Mwenye mtoto mjini asinisumbue," alisema. "Mtoto ndiye ghala lake."

Macho yangu na ya mama yakakutana. Nikainama kidogo, nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatoka wapi?"

Ninyi mnajua. Kila mwanamke mzee nchi hii humwita kila mtu mwanangu, hata mkusanya kodi. Na sisi kila bibi tunamwamkia mama. Kwa hiyo hakuna aliyegeuza shingo. Balozi akamuuliza kama mimi ni jamaa yake.

"Mpita njia huyo," mama akasema. "Mimi ningekuwa na mtoto ningekaa hapa juani?"

Wazee wakacheka. Kikongwe mmoja akamshauri anichukue tu niwe wake, kwa kuwa ninaonekana nimeshiba. Mama naye akacheka, ameziba mdomo.

Alipopata fungu lake akaniambia nimfuate nikanywe maji. Ndani hakulia wala hakuomba radhi. Alinieleza kwamba nikijitaja tu, jina lake linaondolewa siku hiyohiyo. Kisha akasema, "Wewe unaleta ukipata. Serikali inaleta kila mwezi. Ungekuwa wewe ungechagua nini?" Nikamwambia changu kilikuwa kidogo lakini kilikuwa chake. Akasema kidogo changu kina watoto saba. Nikamuuliza, na siku akifa nitasimama wapi, au atazikwa na kijiji kama mtu asiye na uzao? Akajibu kwamba nije nizike kama wapita njia wengine, mchanga haumuulizi mtu jina.

Mke wangu anataka nirudi nikamweleze balozi ukweli. Anasema mwanamume hakanwi na mama yake mzazi akakaa kimya. Lakini nikijitaja, huo unga unaondoka mdomoni mwa mama, na ghala analolisema balozi mimi ninalijua ndani yake. Nisipojitaja, basi nimekubali kwamba sikuzaliwa.

Majirani zangu hapa nimewaambia mama hajambo, ameniombea dua na kunisindikiza hadi barabarani. Ni uongo. Kilichotokea hasa ni hiki. Tukiwa bado tunazungumza, balozi akapiga hodi, akaingia, akaketi. Mama akasonga ugali wa ule unga, akaninawisha mikono kama mgeni, nami nikala. Nilikuwa na njaa. Nikala mpaka sahani ikawa nyeupe, nikijua ninakula fungu la mtu asiye na mtoto. Balozi akanitazama akasema, "Umeona moyo wa bibi huyu? Hana mtu duniani, na bado anakirimu wageni." Nikaitikia kwamba nimeona. Nikaubeba tena mfuko wangu wa makopa, kwa kuwa mpita njia haachi mzigo wake kwa watu. Nikasema asante mama.

"Karibu tena mwanangu," akasema, "ukipita."

Jamani, ninyi wenye mama, niambieni: nirudi nikamdai mama yangu, au nimwache ashibe?