Swali la Bi Povu kwa Wanaotaka Kufua Mashuka ya Wodini

Saa moja na nusu asubuhi, Bi Povu anakung'uta shuka. Analishika pindo kwa vidole viwili, analipiga hewani mara moja, kisha anapapasa kingo zote nne polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Kinachoanguka anakiweka kwenye beseni. Leo tayari mna vijiko viwili, peni moja na meno ya bandia ya mzee wa wodi ya pili, ambaye tangu jana amegoma kula.

"Mpelekeeni kabla hajammaliza nesi kwa lawama," anawaambia wenzake, na chumba kizima kinacheka.

Ni mkuu wa chumba cha kufulia katika hospitali yenye vitanda mia na themanini. Amefua hapa miaka ishirini na miwili. Sita ya mwanzo alifua kwa mikono, viganja vikapasuka hata ikawa analala amevaa soksi mikononi. Jina la Bi Povu alipewa enzi hizo, kwa kuwa hakukosa kutoka kazini na povu nyuma ya masikio.

Lakini wengi humjua kwa swali lake. Nafasi ya kazi ikitokea, afisa utumishi humwita kwenye usaili, naye huuliza moja tu: "Nieleze siku uliyoharibu kitu, na hakuna aliyekuona. Ulifanya nini?"

Zamani mwombaji aliulizwa kama ni mwaminifu. "Miaka yote hiyo sikumwona hata mmoja aliyejibu hapana," anasema. "Mtu akinieleza atakavyofanya kesho, anajipamba tu. Akinieleza alivyofanya juzi, hapo namwona."

Sababu iko kwenye mashine. Kila mzigo wa mashuka hutiwa dawa ya kuua vijidudu. Miaka minane iliyopita, mfuaji mmoja hodari wa maneno alisahau dawa katika mzigo mmoja, akanyamaza. Mashuka yakapigwa pasi, yakatandikwa wodi ya wazazi. Siku ya tatu, kopo la dawa lilikutwa limejaa kuliko ilivyotakiwa, ndipo yakajulikana. Wanawake kumi na wanne, wengine wakiwa na nyuzi mbichi za upasuaji, ilibidi wanyanyuliwe vitandani na vichanga vyao ili kila shuka lirudi kufuliwa.

"Shuka lililotiwa dawa na lisilotiwa yanafanana kama mapacha," anasema. "Yote meupe, yote yananukia. Anayejua ni yule aliyesimama kwenye mashine, peke yake. Kufua nitamfundisha mtu kwa wiki mbili. Hilo lingine sina pa kulifundishia."

Miezi miwili iliyopita swali hilo lilimfuata hadi nyumbani. Nafasi ilikuwa moja, na kati ya waombaji alikuwamo binti wa mdogo wake, ambaye Bi Povu aliishi naye miaka yote ya shule. Mama wa binti alishawatangazia majirani kwamba kazi imepatikana. Bi Povu alimweleza afisa utumishi udugu wao, akaomba yeye mwenyewe atoke nje. Afisa akamwambia, "Kaa, muulize kama unavyowauliza wengine."

Binti aliingia viatu vinang'aa, akajibu kila kitu vizuri, mpaka swali lilipofika.

"Mimi sijawahi kuharibu kitu, mama mkub... samahani, bosi."

"Hata nyumbani?"

"Hata nyumbani. Mimi niko makini sana."

Bi Povu alitazama meza. Alikuwa analikumbuka gauni lake la zambarau, ambalo binti alisema limeibiwa kambani, na ambalo yeye mwenyewe alilikuta chini ya godoro la binti, alama ya pasi imeunguza mgongoni. Hakuwahi kulitaja.

Aliyefuata ni mama aliyekuwa akifua nguo katika nyumba za watu. Alieleza alivyounguza pazia la sebuleni, mwenye nyumba akiwa safarini.

"Nilimpigia simu siku ile ile."

"Akasemaje?"

"Akanifukuza."

"Ungejua atakufukuza, ungepiga?"

"Nilijua. Nilifunga nguo zangu kwanza, ndipo nikapiga."

Afisa utumishi aliweka kalamu chini. Mama huyo ndiye aliyepata kazi. Siku yake ya tatu, alizima mashine katikati ya mzigo. "Bi Povu, sikumbuki kama nimetia dawa." Wakaanza upya, wodi ikangoja dakika arobaini, na hakuna aliyemkaripia.

Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Mdogo wake hakupokea simu siku kumi na nane. Alituma ujumbe mmoja tu: "Umemchukua mchoma mapazia, mtoto wako mwenyewe umemwacha."

Jumapili iliyopita binti alibisha hodi. Alikaribishwa kiti, akabaki amesimama.

"Mama mkubwa, lile gauni halikuibiwa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyogeuza godoro lako."

"Sasa mbona hukusema?"

"Halikuwa jambo langu kulisema. Tena gauni lenyewe lilikuwa linanibana. Kaa unywe chai."

Mwezi wa sita mfuaji mmoja anastaafu, na nafasi itatangazwa. Bi Povu amekwishamwambia afisa utumishi kwamba safari hii hataingia kwenye chumba cha usaili. Ameliandika swali lake kwenye karatasi, aulize mtu mwingine.

"Natumaini binti yetu ataomba tena," anasema, akipapasa pindo la shuka jingine. "Ila asiwaeleze habari ya gauni. Gauni nililijua. Awaeleze lile kosa ambalo mimi silijui."