Sabuni Kwenye Mursik ya Mama

Nilitia sabuni ya unga kwenye kibuyu cha mama yangu cha mursik, yale maziwa yetu ya kulala. Vijiko viwili. Wacha nikubali mapema, kwa sababu hapa Kapsoit hata mbuzi wanajua.

Shida ilikuwa Mwangi. Baba yake ana duka karibu na kwetu, tunakaa dawati moja, na ako na ile adabu ya kuudhi, ya kusalimia mama za watu kwa mikono miwili. Siku ya sayansi shuleni ikikaribia alikuja kwetu akamweleza mama kwamba ndani ya maziwa yaliyolala kuna viumbe vya seli moja, kila kimoja kinajilisha, kinatoa uchafu na kugawanyika kuwa viwili, yote peke yake, bila moyo wala tumbo. Mama (mimi nikimweleza kitu cha shule huuliza kama nimekata nyasi ya ng'ombe) akashika kifua. "Mwangi, hiyo yote iko kwa mursik yangu?" Akamtengea kwa siku hiyo kile kibuyu cha wageni, chenye shanga shingoni, ambacho mimi sijawahi kuruhusiwa hata kupangusa vumbi. Roho iliniuma mpaka nikakosa usingizi.

Basi asubuhi ya siku yenyewe, mama akiwa anakamua, nikakumbuka mwalimu alisema kiumbe cha seli moja kikipasuka ukuta wake, kimekwisha, hakuna mwingine wa kushika zamu, lakini mimi nikichubuka goti seli zingine zinaziba na maisha yanaendelea. Na sabuni hupasua. Mwangi alipanga kutia mursik kidogo kwenye maziwa mapya, wazazi waone yakiganda. Mimi nilitaka tu yakatae, aaibike kidogo.

Mwangi alipomaliza kuhutubia, mzee mmoja wa kamati ya shule akauliza, "Sasa hawa wadudu tunawaangalia tu?" Watu wakacheka, mama akainuka na gauni lake la kanisa, akashika kibuyu, akakitikisa (mursik lazima itikiswe kabla ya kumiminwa, nimeona hiyo tangu nizaliwe, na bado sikufikiria), akakitikisa kwa bidii ya mtu anayeangaliwa na shule nzima. Akafungua. Povu likapanda, likamwagikia mkono, likaingia ndani ya gauni.

"Imeiva hiyo!" mzee akashangilia, kikombe kimenyooshwa.

"Ngoja mzee, mtu wa nyumbani huonja kwanza," mama akasema huku akimjazia, uso unang'aa. "Kibet, kuja uonje."

Nikaonja (ningefanya nini?). Koo likakataa, nikafungua mdomo niseme ni tamu, na povu likatoka lenyewe, duara kubwa, likapasuka mbele ya mwalimu mkuu. Kikombe cha mzee kilikuwa kinaenda mdomoni.

"Usinywe! Ni sabuni! Ni mimi!"

Mwangi akaniletea maji, tena kwa mikono miwili, huyo kijana, akaninong'oneza, "Shukuru Mungu uko na seli nyingi."

Seli zote hizo, na hakuna hata moja iliyofikiria. Nimeapa, wivu ukinishika tena nitaenda kukata nyasi.

Tulirudi nyumbani katikati ya mashamba ya majani chai, mama amebeba kibuyu kitupu, mimi nyuma nikihesabu viboko vinavyonisubiri. Kwa lango akasimama, akanigeukia.

"Mwangi aliniomba," akasema. "Wewe ungeniomba, si ningekupa na ng'ombe mwenyewe."