Kaburi Lililotazama Kaskazini

Harufu ya mahindi makavu hainiachi. Si ya mahindi ya kuchoma yanayokuita barabarani, la. Ni ya vumbi la punje zinazomiminwa ghalani, vumbi jekundu jepesi linalokaa kooni ukalimeza kutwa nzima. Majira ya mavuno yakifika katika kaunti niliyokulia, katikati ya Marekani, mbali na kila kitu, vumbi hilo lilikuwa kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye chai, hata kwenye nywele za mama chini ya mtandio. Leo naishi Alexandria, jimbo la Virginia, nauguza wazee wa watu, narudi nyumbani miguu imevimba, na bado nikifungua mfuko wa unga wa sembe harufu ile inanirudia. Sijui kama ndio kukumbuka au ndio kuchoka.

Kaunti yetu ilikuwa mraba. Sifanyi mzaha. Mwalimu wetu alitufundisha kuichora: unachora mraba, ndani yake unajaza miraba midogo, basi, umemaliza. Kila baada ya maili moja kulikuwa na barabara nyoofu ya changarawe, ama ya kaskazini kwenda kusini, ama ya mashariki kwenda magharibi. Wapimaji walipita wakiburura minyororo yao ya kupimia kwenye majani kabla hajafika mkulima hata mmoja. Wenyeji waliokuwa wakiwinda pale walikuwa wamekwisha kufukuzwa, na kitabu chetu cha historia kiliwamaliza kwa nusu ukurasa. Wakaja Wajerumani, ikaja reli, yakaja maghala marefu ya nafaka. Kisha treni ikaacha kusimama, watoto wa Wajerumani wakahamia mijini, na kiwanda cha nyama kikakosa watu. Ndipo tulipoingia sisi. Baba yangu, fundi cherehani wa Unguja, akawa anasimama kutwa kiwandani akikata mabega ya ng'ombe, jioni hawezi hata kufunga vifungo vya shati. Ukiniuliza mimi, historia nzima ya kaunti ile ni watu kufika wamechoka na kuondoka wamechoka zaidi.

Watu wa pale hawakusema kulia wala kushoto. Walisema kaskazini na kusini, hata ndani ya nyumba: sogeza kiti magharibi kidogo, chumvi iko kabati la kusini. Mama alikipenda kitu hicho mara moja. Kwetu Unguja, Makka iko juu yetu moja kwa moja, kwa hiyo kaskazini na kibla ni neno moja. Ukimwelekeza mtu nyumba unamwambia ipo upande wa kibla, naye anafika. Basi jirani alipomwambia kwamba duka liko kaskazini, na mimi nikamtafsiria, mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Kibla, mwanangu! Kumbe hawa watu wana akili." Tukawa tunaswali kuelekea kaskazini, ghala la nafaka likiwa mbele yetu, na hakuna wa kutukosoa, kwani Waislamu wa kaunti nzima tulikuwa sisi.

Mavuno ya mwaka ule ule tuliofika, mdogo wangu Salum aliugua mapafu. Alikuwa bado ananyonya, hajajua kusema hata "mama". Hospitali ilikuwa mbali, na alipofikishwa alikuwa amechelewa. Baba alimwosha mwenyewe, akamkata sanda kwa mkono wa fundi, akishona huku machozi yanamtoka bila sauti. Mchimba makaburi, Mjerumani mzee mpole, alivua kofia akasema: "Watu wetu wote hapa wanatazama mashariki. Wa kwenu atazame wapi?" Baba akajibu pale pale, "Kaskazini." Mzee akachimba kaburi dogo, sambamba kabisa na mengine. Baba akamlaza ubavu wa kulia, uso kibla, kama alivyolazwa babu na baba wa babu. Mama alishika neno moja tu siku zile, akilirudia jikoni na kitandani: angalau mwanangu amelazwa vizuri. Wallahi, hilo ndilo lililomfanya ale.

Majira ya kupanda yalipofika, kiwanda kiliajiri Wasomali. Mmoja wao, Abdi, alikuja kula kwetu, na wakati wa magharibi alitandika mswala mshazari, akikata pembe ya chumba. "Umepotea, ndugu yangu," baba akamwambia, akitabasamu. Abdi akachukua chungwa mezani. Akatia alama ya ukucha: hapa Makka, hapa Unguja chini yake, na huku, upande wa pili kabisa, sisi. Kisha akapitisha kidole njia fupi juu ya chungwa, na kidole hakikwenda kaskazini, kilikwenda kati ya kaskazini na mashariki. Baba alilitazama chungwa lile muda mrefu. Mama alikuwa amesimama na sahani ya wali mkononi. "Na Salum?" akauliza. Baadaye sheikh wa Unguja alitwambia kwa simu kwamba aliyezika kwa kutojua hana dhambi, na maiti asifukuliwe. Baba alishukuru, akageuza mswala, akaendelea na maisha. Mama alishukuru pia, kwa adabu, lakini aliacha kusema kwamba mwanawe amelazwa vizuri. Niliona uchungu ule nikiwa mtoto, na sikuwa na dawa yake.

Baba sasa amezikwa Unguja, alikokwenda kupumzika akafia huko. Kaunti ile imezidi kupungua watu. Hapa tulipo barabara zinajipinda-pinda, hakuna anayejua kaskazini iko wapi. Binti yangu akitaka kuswali anatazama mshale kwenye simu, na ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Mama ninaye mimi, figo zimemchosha. Jumapili iliyopita ndugu yangu Hamid, aliyezaliwa baada ya msiba ule, alikuja kutoka Springfield, hapa jirani, kumpa habari njema: yapo makaburi ya Waislamu hapa hapa Virginia, karibu, yamepangwa kwenye kibla hasa.

"Kazikeni wengine huko," mama akasema. "Mimi nipelekeni kwa Salum. Na mnilaze vile vile alivyolala yeye."

"Mama, haijuzu! Tunajua sasa kibla iko wapi."

"Najua kuliko wewe. Mtoto nimemgeuza uso kusiko kibla, tena nimemwacha peke yake na wageni. Mungu akiuliza, nitajibu mimi. Yeye alikuwa hajui kusema."

Hamid akanitazama, akitaka nimsaidie. Ni safari ya siku mbili kwa gari, na mimi nimechoka, jamani, nimechoka hadi mifupani. Nikamwambia mama nitampeleka.