Mjukuu Aliyenyimwa Jina Langu

Mie jina langu nalipenda. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani hapa tunataniana. Nililirithi kwa bibi yangu mzaa baba, naye alilirithi kwa mtu wake huko nyuma, na maana yake ni mwanga. Zaidi ya hapo siwaambii. Haya yote ninayoandika ni habari za jina, na humu sitataja hata moja la mtu. Kila mwenye lake alale nalo salama.

Binti yangu wa mwisho alipopata mimba ya kwanza alikuja kujifungulia kwangu, Dunda hapa Bagamoyo, kama inavyotakiwa. Mumewe ni Mkorea. Usishtuke, mie nilishashtuka nikamaliza. Alikuja pwani hii kununua mwani, wanawake wanaolima mwani wakamfundisha Kiswahili na matusi humo humo, akasilimu, akaleta posa kwa adabu, wakafunga nikahi mbele ya watu. Nilimchunguza mwaka mzima nikitafuta kosa. Nililopata ni kwamba anachovya kitumbua kwenye mchuzi wa samaki. Nikaona hilo linavumilika.

Sasa kwetu mtoto hupewa majina mawili. Upande wa baba unatoa lake, upande wa mama unatoa lake, kila upande unaita la kwake, na mtoto akikua moja linashinda. Nikajua langu ndilo litakaloshinda, kwa sababu mie ndiye mwenye sauti kubwa. Binti yangu tumbo halijachomoza vizuri nami nimeshaanza kuliita “somo”. Somo ni mtu mnayechangia jina, na hakuna raha kama kuwa na somo mdogo ndani ya nyumba: unamtania, anakutania, ukifa kuna anayeitika. Nikanunua vipuli vya dhahabu. Nikamwambia dada yangu, nikawaambia na wanawake wenzangu dukani. Jambo likishafika dukani Dunda, limeshakuwa sheria.

Mtoto akazaliwa, wa kike, ana kichwa kizuri na hasira. Siku mbili tatu baadaye akaja mkwe mwenzangu kutoka Korea, mama wa mume. Mwanamke mfupi, wa rika langu, kajifunga mkanda wa maumivu ya mgongo, na mkononi kabeba mfuko mkubwa. Mwanawe alikuwa amemfundisha neno moja la Kiswahili njiani, nalo ni shikamoo. Akampa kila mtu. Akaniamkia mie, akamwamkia dada yangu, akamwamkia na mtoto wa jirani aliyekuwa analamba barafu mlangoni. Yule mtoto hana haya, akaitika, “Marahaba.”

Ule mfuko ulikuwa na mwani. Mwani mkavu, mweusi, amepanda nao ndege kwao akaufikisha mpaka Bagamoyo. Kumbe kwao mzazi akijifungua hunyweshwa supu ya mwani. Nimelima mwani miguu ikapasuka kwa chumvi, haijanipitikia hata siku moja kuutia chunguni. Binti yangu akanywa, akaomba tena. Nikasema sawa, huyu mama hakuja mikono mitupu, tutaelewana.

Hatukuelewana.

Ilikuwa asubuhi, kesho yake ndiyo akika. Mbuzi kafungwa nyuma ya nyumba, analia kama anayejua. Tumekaa uani mie, dada yangu, binti yangu na mtoto, mkwe na mama yake. Nikasafisha koo nikatangaza: kwa upande wetu mtoto ataitwa jina langu. Mkwe akamtafsiria mama yake. Mama yake akaziba mdomo kwa mkono, akatikisa kichwa, kisha akapunga mikono yote miwili kama mtu anayezuia gari.

“Anasema nini?” nikauliza.

“Mama,” mkwe akasema polepole, “anasema haiwezekani.”

Dada yangu akadakia, “Haiwezekani nini? Jina lina chawa?”

“Hapana, mama mkubwa. Anasema mama ni mtu mzima, mwenye heshima.”

“Na heshima yangu ndiyo inakataza?” nikamwuliza.

“Anasema… mama bado uko hai.”

“Pole yake,” nikasema. “Alitaka afike akute matanga?”

Mkwe jasho likamtoka mpaka kwenye masikio. Binti yangu akajifanya mtoto kajikojolea, akaingia ndani. Mie nikanyamaza. Watu wa nyumba yangu wanajua kelele zangu haziumizi mtu, ila nikinyamaza kila mmoja anatafuta kazi ya kufanya. Nikaenda jikoni nikaanza kupepeta mchele wa vitumbua vya kesho. Kichwani nilikuwa nawaona wanawake wa dukani. Kesho maalim atauliza jina mbele yao wote, na litakalosomwa si langu. Vipuli nitavificha wapi?

Alasiri nikiwa nachekecha unga, mkwe mwenzangu akaja na mwanawe nyuma yake. Akachuchumaa mbele yangu, hakungoja kigoda. Akavuta sinia lenye unga wa mchele, akaulainisha kwa kiganja, akaanza kuandika kwa kidole. Kwanza matone matatu yamepangana ubavuni, kisha kitu kama mti wenye matawi.

“Su,” akasema.

“Ndiyo nini?”

Mkwe akanieleza. Kwao watoto wa kizazi kimoja katika ukoo, ndugu na watoto wa ndugu, wote wanachangia kipande kimoja cha jina. Kipande kingine kinakuwa cha mtoto peke yake. Kizazi cha mtoto huyu kipande chake ni Su.

“Kwa hiyo ukisimama uani ukaita Su?”

“Wanageuka wote, mama. Ndiyo maana hakuna anayeita hivyo.”

Nikamwuliza maana yake. Akasema Su inategemea imeandikwaje. Wako wanaoiandika kwa umri mrefu, wako wa ubora, wako wa kulinda. Mzazi anachagua. Lakini Su yao ilishachaguliwa na wazee kabla hata yeye mkwe hajazaliwa, nayo ni ya maji. Yale matone matatu ubavuni ndiyo maji yenyewe. Kizazi cha mkwe ni cha chuma. Baada ya maji kinakuja cha mti, kwa sababu maji yanaotesha mti. Mti unatoa moto, moto unaacha majivu yanakuwa udongo, udongo unazaa chuma, na chuma kinatoa maji, mnaanza upya.

“Hapo kwenye chuma hapo,” nikasema. “Chuma kinatoa maji wapi?”

Mkwe akakuna kichwa. “Hata mimi, mama, hapo sijawahi kuelewa.”

Nikatazama juu. Bati la jikoni kwangu alfajiri hutiririka umande mpaka unaingia chunguni. Nikanyoosha kidole nikamwonyesha. Mkwe mwenzangu akatazama bati, akacheka, akanipiga paja kama tumecheza wote utotoni. Nikakumbuka kwamba nimekasirika, nikakaza uso.

Kisha akasema maneno marefu kwa sauti ya chini, na mwanawe akatafsiri.

“Anasema zamani kipande cha kizazi walipewa wavulana tu. Kwao yeye, kaka zake wote wanacho. Yeye hakupewa. Alipewa jina la kumwitia chakula tu. Mtoto huyu ndiye msichana wa kwanza kwetu ambaye babu amekubali apewe Su. Ndiyo maana amekuja mwenyewe, asije mtu akabadilisha mawazo.”

Hapo nikaacha kuchekecha. Kumbe na mwenzangu alikuwa na lake moyoni, tena lililokaa muda mrefu kuliko langu.

“Sawa,” nikasema, “Su mpeni, nani kakataa? Nilichouliza, langu lina kosa gani?”

Mkwe hajafungua mdomo, sauti ikaja kutoka upande wa pili wa ukuta. Jirani yangu ana binti wa miaka minane, na yule binti jina lake ni kama langu, herufi kwa herufi.

“We fulani! Shuka kwenye huo ukuta, nyang’au mkubwa we! Nikikushika nakung’oa masikio! Mtoto hana haya, hana adabu, pua inamtoka kama bomba!”

Badala ya fulani weka jina langu. Mkwe mwenzangu lile jina alishalijua tangu asubuhi. Akaruka, unga ukamwagika, akanitazama mie, akatazama ukuta, akashika kifua. Nadhani alitaka kwenda kunipigania.

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kabisa, kichekecheo kikanitoka mkononi. Miaka yote hiyo nimesikia jirani akimfokea yule mtoto, sikuwahi kusikia kwamba anayefokewa ni mie.

Na hapo katikati ya kicheko nikamkumbuka mama yangu mzazi. Mama yangu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Hata siku moja. Aliniita “Bi Mkubwa”. Bi Mkubwa njoo ule, Bi Mkubwa umevunja sahani. Akitaka kunichapa aliniita “we mtoto”. Nilikuwa na jina la mama mkwe wake, na mwanamke mwenye adabu hawezi kulipaza jina la mkwewe uani, sembuse kulichapa. Wanawake wa pwani wa rika lile wote walifanya hivyo. Sisi wa sasa tumeacha, tunapayuka tu.

Nikamweleza mkwe, naye akamweleza mama yake. Yule mwanamke akaishika mikono yangu yenye unga. Akasema, mwanawe akatafsiri: “Ndilo nililokuwa nasema tangu asubuhi.”

“Angeanza na hilo,” nikasema. “Siyo uko hai, uko hai.”

Halafu akauliza jina langu lina maana gani. Nikamwambia, mwanga. Akafikiri. Akalainisha tena unga, akaandika ile Su yenye matone matatu, akaacha nafasi, kisha pembeni yake akaandika kitu kingine.

“Anasema ile nusu ya mtoto mwenyewe bado haijachaguliwa,” mkwe akanifasiria. “Babu alimwachia yeye achague. Kwetu kuna neno la mwanga linaloingia kwenye majina. Anaomba ruhusa yako alitumie. Itakuwa maana yako, lakini hakuna atakayelifokea jina lako.”

Mie si mtu wa kulia mbele ya watu. Nikasema unga umeniingia machoni, na ulikuwa umeingia kweli.

Kesho yake wakasoma dua, mtoto akanyolewa nywele, maalim akauliza jina. Mkwe akalitaja. Maalim akajaribu kulitamka, likamshinda, akajaribu tena. “Na maana yake?” Nikasema mie, kwa sauti yangu ile ile, “Maji na mwanga.” Maalim akasema, “Hapo hakuna neno baya,” akaendelea na dua.

Wanawake wa dukani hawakuniachia. “Shoga, na somo yako yuko wapi? Au umenyimwa?” Nikawaambia nimenyimwa, tena kwa heshima, na nani kati yenu amewahi kunyimwa kitu kwa heshima? Nikamvalisha mtoto vipuli mbele yao. Mkwe mwenzangu aliposikia habari za kunyimwa akacheka, akawaamkia wote tena.

Sasa amerudi kwao. Mjukuu anatembea, anaishi Bunju na wazazi wake, lakini akija kwangu nyumba inajua kwamba kaja. Jirani yangu naye nilimpa maneno yake, na siku hizi kwenye ukuta nasikia, “We Bi Mkubwa, shuka, nyang’au mkubwa we!” Sijui kama hayo ni maendeleo.

Juzi mjukuu kaikalia ndoo ya maji ya kunywa niliyotoka kuijaza, ikapinduka, jikoni kote kukawa ziwa. Nikamwita kwa jina lake, nusu zote mbili, nikamfokea mpaka Kaole wakasikia. Ananitazama tu, matako yamelowa, anapiga maji makofi. Jina langu mie limejipumzikia zake, hakuna aliyeligusa.